Lango la Jaa: Taka Zako Zinalala Kwa Nani?

Maandiko ya somo: Kutoka 21:33-34, Walawi 6:10-11, Nehemia 3:5, 13-14, Nehemia 12:31, Waebrania 13:12-13

Somo hili nililifundisha Jumapili katika ibada ya pili, na wengi mkaomba liandikwe ili mlisome nyumbani na kulijadili katika vikundi vya mitaani. Nimeliandika lote, pamoja na ile sehemu ambayo mimi mwenyewe nilitamani kuiruka.

Mnakumbuka kongamano letu la siku tatu mwezi wa nane. Mungu alitutembelea, watu waliokoka, wagonjwa waliombewa. Na tulikula! Sasa, ukilisha watu siku tatu lazima ubaki na taka: sahani za kutupa, chupa za maji, mabaki ya pilau, daipa za watoto, na lile bango kubwa la mlangoni ambalo upepo ulikuwa umelirarua.

Bajeti niliisimamia mimi. Nilipata bei mbili za kuondoa taka. Wa kwanza alitaka shilingi 6,000, azipeleke kwenye jaa la kaunti na kuniletea risiti. Wa pili alitaka 2,500. Huyu wa pili sikumuuliza anazipeleka wapi. Wacha niseme ukweli: sikuuliza kwa sababu sikutaka kujua. Nilisomea biashara chuo kikuu, na siku hiyo nilijiona meneja hodari niliyeliokolea kanisa shilingi 3,500. Niliposoma ripoti ya matumizi mlinipigia makofi.

Mwezi wa kumi mzee mmoja wa kanisa akanipigia simu. "Pasta, njoo uone kitu." Tukaenda njia ya Ganda, tukaacha barabara, tukaingia ndani mpaka kwenye timbo la zamani. Mnayajua haya matimbo yetu: yale mashimo yanayobaki mawe ya kujengea yakishakatwa. Kando ya timbo kuna boma la mama mmoja mzee, mjane. Bango letu alikuwa ameliezekea banda la kuku, jina la kanisa likitazama njia. Ndani ya timbo niliziona sahani zetu, chupa zetu, mifuko yetu, juu ya taka za watu wengine wengi.

Mama akanionyesha pia mahali alipomzika mbuzi wake jike. Mbuzi alivimba tumbo, akaacha kula, akafa. Mjukuu wake alimpasua, wakakuta donge la plastiki ukubwa wa nazi.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la kujitetea. Nikamwambia, "Mama, pole sana, lakini kazi hii si yetu. Ni yule kijana wa pikapu."

Akanitazama, akasema, "Pasta, huyo kijana mimi simjui. Jina ninalolijua ni hili la kwenye bango."

Wapendwa, nilirudi mjini nikafungua Biblia, na haya ndiyo niliyoyakuta.

1. TAKA HAZITOWEKI, ZINAHAMA

Tunasema tumetupa taka, lakini hakuna mahali panapoitwa "kutupa". Kila mahali pana mtu. Wengi wenu mnakumbuka Kibarani. Kwa miaka mingi, mgeni aliyeingia kisiwa cha Mombasa alipokelewa na harufu na moshi wa jaa lile kando ya bahari. Jaa likafungwa, miti ikapandwa, tukafurahi. Lakini Mombasa haikuacha kula wala kunywa, na taka zikaelekezwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Mwakirunge nako kuna watu. Sisi wa Malindi tusiwacheke, kwa maana jaa la Casuarina tunalijua, na moshi wake tunaujua.

Sasa fikiria timbo. Mwamba wetu wa pwani ni wa matumbawe. Una matundu, haushiki maji. Mvua ikinyesha juu ya taka, yale maji machafu yanapenya chini upesi kuelekea huko huko tunakochimba visima. Vikopo na chupa vinashika maji, mbu wanazaliana, na homa ya dengi tunaijua hapa kwetu. Watu wakichoka na uvundo wanachoma moto, na moshi wa plastiki unaingia vifuani mwa watoto.

Chuoni tulifundishwa kwamba kuna gharama isiyoonekana katika vitabu vyako kwa sababu analipa mtu mwingine. Zile 3,500 nilizojisifia hazikuokolewa. Zililipwa na mjane wa Ganda, kwa mbuzi wake na kwa hewa yake. Mithali 11:1 inatuambia jinsi Bwana anavyochukia mizani ya udanganyifu. Ripoti yangu ilikuwa na hesabu sahihi kabisa, na bado ilikuwa mizani ya udanganyifu.

2. MWENYE SHIMO HULIPA

Soma Kutoka 21:33-34 polepole. Mtu akifungua shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo anapaswa kumlipa mwenye mnyama. Torati haiulizi kama alikusudia. Haiulizi kama alimtuma kibarua. Shimo ni lako, hasara ni yako.

Mimi nilikuwa tayari kumwombea yule mama. Nilitaka hata kumwekea mikono! Lakini Neno halikuniambia nianze na maombi, liliniambia nianze na mbuzi. Zakayo naye, katika Luka 19:8, alipokutana na Yesu alianza kuzungumzia kurudisha. Toba isiyogusa mfuko ni ya kujichunguza mara mbili.

3. KUHANI ALIBEBA MAJIVU

Walawi 6:10-11 ni mistari ambayo wengi tunaipita mbio. Baada ya sadaka kuteketea madhabahuni, majivu yalibaki. Hata ibada takatifu inaacha mabaki! Kuhani alitakiwa kuyaondoa majivu yale, kisha abadilishe mavazi, ayatoe nje ya kambi na kuyaweka mahali safi.

Angalia mambo mawili. Kwanza, kazi hii alipewa kuhani, yule yule aliyehudumu madhabahuni. Pili, majivu hayakumwagwa popote kwa kuwa ni nje ya kambi. Hata huko nje palitakiwa pawe mahali safi. Katika Kumbukumbu la Torati 23:12-14 ni vivyo hivyo: kila mtu alitakiwa awe na kifaa cha kuchimbia, afukie uchafu wake, kwa sababu Bwana anatembea katikati ya kambi.

Kumbe Mungu anaangalia hata kinachobaki baada ya ibada! Kongamano letu halikwisha Jumapili jioni tulipozima spika. Kwa macho ya Mungu liliendelea mpaka mfuko wa mwisho ulipofika ulipofika.

4. MTU MKUBWA KWENYE LANGO LA JAA

Yerusalemu ulikuwa na lango lililoitwa lango la jaa. Nehemia alipokwenda usiku kukagua kuta zilizobomoka, alipita upande huo (Nehemia 2:13). Ujenzi ulipoanza, kila mtu alichukua sehemu yake. Je, lango la jaa nani angelitaka? Nehemia 3:14 inatupa jina: Malkiya mwana wa Rekabu. Hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alikuwa mtawala wa wilaya ya Beth-hakeremu. Alilijenga, akasimamisha milango yake, akatia vyuma na makomeo. Mistari michache kabla, 3:5, tunasoma habari za wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo zao kufanya kazi. Majina ya wakuu hao hatuyajui. La Malkiya tunalo mpaka leo.

Kanisani kwetu kila mtu anataka lango la mbele: kushika kipaza sauti, kuongoza sifa, kukaribisha wageni. Lango la jaa tunawaachia akina mama wa usafi na vijana wasio na kazi. Ninajihesabu wa kwanza katika kosa hili.

MASWALI MAWILI MLIYONIULIZA

Ndugu mmoja aliniuliza, "Pasta, si hiyo ni kazi ya kaunti?" Ndiyo, na tusiogope kuidai. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini Kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu pia ashirikiane kuyalinda, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taasisi za umma na za binafsi zitenganishe taka zinazooza na zisizooza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, faini ikifika shilingi milioni 4. Sasa ile niliyoiona timboni ilitoka wapi? Kaunti ina lango lake, nasi tuna letu.

Dada mmoja akauliza, "Lakini si 2 Petro 3:10 inasema dunia hii itateketea?" Itateketea kwa mkono wa Mungu, kwa siku yake. Sisi hatukupewa kiberiti. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15), na Zaburi 24:1 inatukumbusha mwenye shamba ni nani.

TULICHOFANYA, NA KILICHOBAKI

Baraza la wazee lilikaa. Halikuwa jambo rahisi. Wengine walihofu kwamba tukikiri tutachafua jina la kanisa. Mzee mmoja akajibu kwamba jina tayari liko juu ya banda la kuku. Tulikwenda tukamwomba mama msamaha, tukamlipa mbuzi wake, na mimi nikarudisha kutoka mfukoni mwangu zile 3,500. Jumamosi mbili tulishuka timboni na glavu na makoleo, tukatoa taka zetu na nyingine nyingi zisizo zetu, zikaenda kwenye jaa la kaunti kwa risiti.

Ningependa kuwaambia kwamba timbo sasa ni safi. Si safi. Juma lililofuata gari lilikuja usiku likamwaga tena. Tulipiga ripoti kwa chifu na kwa afisa wa mazingira wa kaunti, na tunafuatilia. Ukuta wa Nehemia ulikwisha kwa siku 52, lakini hata kule katikati watu walilia kwamba nguvu zimewaishia na kifusi ni kingi (4:10). Hawakuacha.

Wala hatuko peke yetu. Jirani zetu wa Watamu wamekuwa wakiokota plastiki ufuoni miaka mingi, na waokotaji wanapata riziki kwa kuiuza ikatengenezwe upya. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki na ndala zilizookotwa. Lilishushwa majini 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Kitu kilichotupwa kikabeba watu baharini!

YESU ALIKWENDA NJE YA LANGO

Waebrania 13:12-13 inatuambia Yesu aliteswa nje ya lango, tena inatuita tutoke tumwendee huko. Nje ya kambi ndiko majivu yalikopelekwa, na ndiko mabaki ya sadaka ya dhambi yalikochomwa. Huko tunakopeleka tusichotaka kukiona, ndiko Bwana wetu alikobeba uchafu wetu sote. Hakumtuma mtu wa bei nafuu. Alikwenda mwenyewe.

Na mwishoni, Nehemia 12:31: ukuta ulipowekwa wakfu, kundi moja la waimbaji wa shukrani lilitembea juu ya ukuta likielekea lango la jaa. Sifa zilipitia pale. Ninaomba kwamba siku moja kwaya yetu isimame kando ya lile timbo na kuimba, na yule mama asikie, bila sisi kuona haya.

YA KUFANYA JUMA HILI

- Nyumbani weka ndoo mbili: zinazooza na zisizooza. Zinazooza fanya mbolea ya shambani.
- Muulize anayechukua taka zako anazipeleka wapi. Siku moja mfuate.
- Kuanzia sasa hakuna harusi, mazishi wala mkutano wa kanisa hili usio na bajeti ya taka yenye risiti. Risiti nitaibandika ubaoni.
- Jumamosi hii tunarudi timboni, saa moja asubuhi. Wazee na wachungaji ndio watakaotangulia kushuka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni gharama gani unayomsukumia jirani bila yeye kujua?
2. Je, kuna "mbuzi" unayepaswa kumlipa kabla ya kuomba?
3. Katika kanisa letu, lango la jaa ni lipi, na nani ameachiwa?

MAOMBI

Baba, tusamehe kwa yale tuliyoyaficha mbali na macho yetu tukadhani yako mbali na macho yako. Tupe moyo wa Malkiya. Mbariki mjane aliyetuambia ukweli, mlinde yeye, wajukuu wake na mifugo yake. Iponye ardhi yetu, visima vyetu na bahari yetu, na utuanzishie sisi wenyewe. Katika jina la Yesu, Amina.