Jua Haki Zako: Umechorwa Tatuu Nyumbani, Kidonda Kimegoma Kupona

Jumamosi alasiri, bedsita ya orofa ya tatu huko Umoja. Kitanda kimesukumwa ukutani na kiti cha plastiki kimesogezwa karibu na soketi. Mashine ni ya kuundwa: mota ya redio mbovu, mwili wa biro, kipande cha waya wa gitaa. Wino umo ndani ya kifuniko cha chupa ya soda, na unapokuwa mzito mchoraji huongeza matone ya maji kutoka kwenye mtungi wa kupikia. Mteja, kijana wa miaka ishirini na kitu, ametuma pesa kwa M-Pesa na sasa anakunja mkono wa shati. Kabla ya giza kuingia, jina la marehemu mamake litakuwa kwenye ngozi yake, na litabaki hapo.

Vyumba vya namna hiyo vipo Kayole, Dandora, Huruma na Pipeline. Wachoraji wengi wana kipaji kweli; ni vijana wa mitaa ileile ambayo matatu zake zimejulikana kwa michoro miaka nenda miaka rudi. Bei yao iko chini ya ile ya studio za katikati ya jiji, na mteja hana haja ya kupanda gari. Taabu huanza siku kadhaa baadaye, mkono unapovimba, unapotoa usaha, na mchoraji anapoacha kupokea simu. Hapo mteja hujilaumu: si nilikubali mwenyewe, tena nikalipa?

Alikubali kuchorwa. Hakukubali kuambukizwa, na sheria inayatenga mambo hayo mawili.

Kenya haina sheria mahususi ya Bunge kuhusu kazi ya tatuu, na hakuna sheria inayomkataza mtu mzima kujipamba ngozi. Pengo hilo limewafanya wengi waamini kwamba yanayofanyika chumbani ni siri ya watu wawili. Sivyo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia akidhurika kwa sababu ya kasoro ya huduma. Ibara hiyo inasema wazi kwamba inahusu pia huduma zinazotolewa na watu binafsi. Mchoraji wa bedsita ni mtu binafsi anayetoa huduma kwa malipo, kama alivyo kinyozi au fundi wa simu. Kukosa bango mlangoni hakumtoi ndani ya Katiba.

Upande wa jinai upo pia. Kifungu cha 186 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayefanya, kinyume cha sheria au kwa uzembe, jambo ambalo anajua au ana sababu ya kuamini kwamba linaweza kueneza ugonjwa hatari kwa maisha. Mtu anayetumia sindano moja kwa wateja watatu katika mwaka huu wa leo hawezi kusema kwa urahisi kwamba hakuwa na sababu ya kuamini.

Hatari yenyewe inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Sindano ya tatuu hupenya milimita moja hadi mbili, hadi tabaka la ngozi lenye mishipa ya damu, na hufanya hivyo maelfu ya mara. Kila tundu ni mlango. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye sindano, kwenye kifuniko cha wino, hata kwenye doa la damu kavu lisiloonekana. Kupangusa kwa spiriti hakutoshi. Vifaa vinavyotumika tena vinahitaji mvuke wa shinikizo, joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Sindano yenyewe ni ya kutumika mara moja na kutupwa. Chanjo ya homa hiyo iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwishoni mwa 2001, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kuipata, labda awe aliitafuta mwenyewe. Jiji la New York liliwahi kupiga marufuku tatuu kuanzia 1961 hadi 1997, na sababu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa huohuo.

Na yale matone ya maji? Mwishoni mwa 2011, huko Rochester katika jimbo la New York, zaidi ya watu kumi walipata vipele visivyopona baada ya kuchorwa na mchoraji mmoja. Uchunguzi ulifuata chanzo hadi kwenye wino wa kijivu uliopunguzwa makali kiwandani kwa maji ambayo hayakuwa yameuliwa vijidudu. Wino ulikuwa umechafuka kabla chupa haijafunguliwa. Ikiwa maji ya kiwandani yalileta balaa hiyo, maji ya mtungi uliojazwa kwa mfereji wa ploti hayana nafasi hata kidogo karibu na sindano. Mteja ana haki ya kuuliza wino umechanganywa na nini, na ya kuona pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele ya macho yake. Asiporidhika, aondoke.

Eastleigh kuna ndugu wa karibu wa tatizo hili: piko, ile rangi nyeusi ya nywele inayopakwa badala ya hina halisi. Kemikali yake, PPD, inaweza kuunguza ngozi na kuacha mtu na mzio wa maisha.

Kwa watoto, mjadala umefungwa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Watoto ya 2022 kinakataza mtu yeyote kumtia mtoto tatuu, na kimeiweka katika orodha moja na chale, ukeketaji na ndoa za utotini. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo msichana wa sekondari anayejitokeza wakati wa likizo na barua ya mamake haleti ruhusa, analeta kesi. Mchoraji mwenye busara huomba kitambulisho kabla ya kuwasha mashine. Mzazi anayegundua mwanawe amechorwa anaweza kuripoti kwa polisi au kwa afisa wa watoto, au kupiga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Kuna wahasiriwa wengine wasiokumbukwa. Sindano zikitupwa kwenye mfuko wa taka za nyumbani, mwisho wa safari ni jaa la Dandora, ambako watu huokota kwa mikono mitupu.

Mchoraji naye ana haki zake. Akitaka kazi yake isimame juani, hatua ya kwanza ni kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi, mahali ambapo mwenye nyumba ameridhia, na kukubali kukaguliwa na maafisa wa afya ya umma. Akikamatwa, Ibara ya 49 inataka aelezwe sababu mara moja, aruhusiwe kunyamaza na kumwita wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimekwisha nje ya saa za korti. Hongo ya kanjo, askari wa kaunti, si kibali.

Kwa aliyekwisha kuumia, saa ndiyo inayohesabiwa kwanza. Akishuku sindano ilikuwa imetumiwa na mwingine, afike hospitali ya umma ndani ya saa 72 aombe PEP, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo humezwa kwa siku 28. Aulizie pia chanjo za homa ya ini na pepopunda. Hali ikiwa ya dharura, Ibara ya 43 inakataza mtu kunyimwa matibabu.

Halafu ushahidi. Apige picha za kidonda kila siku, asifute jumbe za WhatsApp za kupatana bei, atunze ujumbe wa M-Pesa, stakabadhi za hospitali na za dawa. Akienda polisi achukue nambari ya OB, kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha. Akitaka fidia isiyozidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai ya majeraha ya mwili. Hahitaji wakili, kanuni kali za ushahidi hazimfungi, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Anayehitaji ushauri anaweza kuwaona Kituo cha Sheria, shirika linalowasaidia wasio na uwezo tangu 1973. Muda wa kudai fidia ya uzembe ni miaka 3 tangu siku ya kuumia, na ule ujumbe wa M-Pesa una jina la mchoraji, kiasi alicholipwa, tarehe na saa.