Picha ya Mwezi wa Nane Haibadilishi Umri wa Mimba

Mezani kwa daktari mmoja wa uzazi huko Mpendae, mjini Unguja, pana bahasha mbili za barua. Ya kwanza imejaa wanaouliza kama ni wa kike au wa kiume, naye hana haraka ya kuifungua. Ya pili ndiyo inayomkosesha usingizi: wajawazito walioambiwa mtoto "hakui", wakatawanyika kutafuta majibu kwa majirani. Alikubali kujibu kwa sharti moja, kwamba asiulizwe kwa nini tumbo hupakwa jeli ya baridi.

"Altrasaundi ya miezi mitatu ilisema nitajifungua tarehe 10 Mei. Ya juzi, mimba ikiwa kubwa, imesema tarehe 1 Juni. Nifuate ipi?"

Barua saba zinauliza hili, na daktari amezijibu kwa mpigo mmoja: ya kwanza. Ya kwanza daima.

Mashine, anaeleza, haijui umri wa mtu. Inachojua ni vipimo: upana na mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo, urefu wa mfupa wa paja. Ikishavipata inatazama jedwali lake na kujiuliza mtoto wa kawaida mwenye ukubwa huu huwa na wiki ngapi, kisha inaandika jibu. Ni sawa na mwalimu anayempima mwanafunzi kimo ukutani na kutangaza kwamba ana miaka saba, huku cheti cha kuzaliwa kikisema tisa. Hakuna mzazi atakayekichana cheti. Atauliza mtoto anaumwa nini.

Mwanzoni mwa mimba ujanja huo hufanya kazi, kwa sababu vijusi vyote hukua kwa mwendo unaokaribiana. Kipimo cha kutoka utosini hadi makalioni hukosea kwa siku tano hadi saba tu. Miezi mitatu ya mwisho kila mtoto ameshashika mwendo wake, na kosa la umri hufika hata wiki tatu. Kwa hiyo pengo likitokea mwezi wa nane, kinachotiliwa shaka ni ukuaji wa mtoto. Kalenda iachwe ilivyo.

Hapo ndipo daktari anapopandisha sauti. Mtoto aliyechelewa wiki tatu akisogezewa tarehe wiki tatu mbele, kwenye karatasi anakuwa mzima kabisa. Ugonjwa umefutwa kwa kalamu, na mama anarudishwa nyumbani akaendelee kusubiri.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate angalau kipimo kimoja cha altrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kisiwani Pemba watafiti wa mradi wa AMANHI waliwapima wajawazito kabla ya wiki ya 20, ili umri ujulikane mapema na usibishaniwe baadaye. Wengi wanaofika Mpendae huja mara ya kwanza tumbo likiwa limeshatangulia mlangoni, na karatasi ya zamani, kama ipo, imebaki kabatini kwa mama mkwe. Njooni nayo, anasema.

"Nipunguze kula ili mtoto asiwe mkubwa, nizae kwa wepesi?"

Hasha. Kula, mwanangu.

"Nimeambiwa mtoto wangu ni mdogo. Mimi mwenyewe ni mfupi, na mama yangu pia. Kuna hatari gani?"

Swali zuri, na daktari anatamani lingeulizwa na wapimaji pia. Yupo mtoto mdogo wa asili, na yupo aliyebanwa asifikie ukubwa aliokusudiwa. Kipimo kimoja hakiwezi kuwatenganisha. Hupimwa tena baada ya wiki mbili au tatu, na kinachotazamwa ni mwendo: je, anapanda na mstari wake kwenye chati ya ukuaji, au ameanza kuuacha?

Tumbo ndilo husema mapema. Kondo la nyuma likishindwa kulisha, mara nyingi kwa sababu ya presha, mtoto hutumia akiba iliyomo kwenye ini, ini linanywea, na mzingo wa tumbo unabaki nyuma ilhali kichwa bado kinakua. Kisha hufuata Dopla, inayosikiliza damu kwenye mishipa ya kitovu. Damu ikisimama baina ya mapigo, au ikirudi nyuma, hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mdogo ambaye damu yake inapita vizuri, maji yanatosha na mstari wake haujavunjika huenda amemrithi bibi yake tu.

"Dada yangu aliyeko Maskati anasema chati za huku ni za Wazungu. Kweli?"

Nusu kweli. Kanuni ya uzito iliyomo kwenye mashine nyingi ni ya Frank Hadlock wa Texas, ya mwaka 1985, na chati yake ya 1991 ilitokana na wajawazito 392, wengi wao Wazungu. Lakini mradi wa INTERGROWTH-21st, uliotoa chati zake mwaka 2014, uliwapima wanawake wa maeneo manane, Nairobi na hiyo hiyo Maskati zikiwemo. Chati ya Korogwe, Tanga, ilitoka mwaka 2012. Daktari hagombani juu ya chati. Anagombana na wanaoanza na moja na kumaliza na nyingine.

"Mashine ilisema kilo 3, akazaliwa na 2.7. Mbovu?"

Si mbovu. Makadirio hayo hukosea kwa asilimia 10 hadi 15, juu au chini.

"Kuna mkunga anayechua tumbo, na mwengine anauza dawa ya kumkuza mtoto…"

Dawa hiyo haipo. Na tumbo lisichuliwe: kondo linaweza kubanduka.

"Tangu jana mtoto amepunguza kucheza. Nisubiri kliniki ya Alkhamisi?"

Barua hii ilikuwa na nambari ya simu. Daktari aliipiga kabla hajamaliza kuisoma, akamwambia aende hospitali saa ile ile, na kadi yake mkononi.