Jivu la Matanuri ya Taka na Hatari Yake kwa Maji ya Visiwani

Watu wengi hudhani kwamba taka ikishachomwa imekwisha. Tanuri kubwa la kuchomea taka hupunguza ujazo wa taka kwa kiasi cha asilimia 90, na kwa hivyo kinachobaki huonekana kuwa kidogo na kisicho na madhara. Somo hili linakusudia kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla kwa nini dhana hiyo si sahihi, na kwa nini jivu hilo linahitaji uangalizi mkubwa zaidi visiwani.

1. Moto hauondoi metali

Moto huteketeza karatasi, nguo na plastiki, lakini hauwezi kuteketeza risasi, kadimi, zebaki wala aseniki. Metali hizo huingia katika taka kwa njia ya betri, rangi, vipimajoto vya zebaki na vyombo vya umeme vilivyoharibika. Tani 100 za taka huacha jivu la tani 20 hadi 30. Tuseme taka hiyo ilikuwa na kilo 20 za risasi: karibu zote zitakutwa ndani ya jivu, zikiwa zimesongamana katika robo tu ya uzito wa awali.

Jivu lenyewe ni la namna mbili. Lipo jivu zito linalobaki chini ya tanuri, na lipo jivu jepesi linalopanda na moshi na kunaswa na vichujio. Kadimi huchemka kwenye nyuzi 767 za Selsiasi. Basi hupanda ikiwa mvuke, na moshi unapopoa hugandamana na chembe za jivu jepesi. Ndiyo maana jivu jepesi, ingawa ni dogo kwa uzito, huwa na sumu nyingi zaidi, tena katika hali iliyo rahisi kuyeyuka. Tanuri dogo lisilo na kichujio hulitoa jivu hilo pamoja na moshi, likaanguka nyuani na juu ya mapaa yanayokingiwa maji ya mvua.

2. Namna metali zinavyoingia majini

Maji ya mvua yanapopenya jaani huyeyusha metali na kushuka nazo ardhini. Risasi huyeyuka katika maji yenye tindikali, na vilevile katika maji yenye alkali kali mno, kama yale yaliyopita katika jivu bichi lenye chokaa nyingi. Kadimi huyeyuka zaidi penye tindikali, na penye chumvi huungana na kloridi ikabaki majini. Kwa hivyo kuchanganya jivu na taka za jikoni ni kosa, kwani taka hizo zikioza hutoa tindikali. Na kulimwaga jivu ufukweni ni kosa pia.

Nchini Marekani jivu hupimwa kwa kutikiswa kwa muda wa saa 18 hivi ndani ya maji yenye asidi ya siki, gramu 100 za jivu kwa lita 2. Maji hayo yakikutwa na miligramu 5 za risasi kwa lita, au miligramu 1 ya kadimi, jivu huhesabiwa kuwa taka ya hatari. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1994 kwamba jivu la matanuri ya taka za miji halisamehewi sheria hiyo. Hata hivyo, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 tu ya risasi na 0.003 ya kadimi kwa lita. Jivu lililofaulu kipimo hicho, basi, si jivu salama kwa jirani wa kisima.

3. Mafunzo ya Kassa na Gonaïves

Mwaka 1988 kiasi cha tani 15,000 za jivu la taka za mji wa Philadelphia zilishushwa katika kisiwa cha Kassa, karibu na Conakry nchini Guinea. Katika hati ziliandikwa kuwa ni malighafi ya matofali. Miti na majani ya hapo yalianza kunyauka, na Serikali ya Guinea ikaamuru mzigo huo uondolewe na kurudishwa.

Mwaka huo huo meli ya Khian Sea, iliyoondoka Philadelphia mwaka 1986 na jivu la tani zipatazo 14,000, ilishusha tani 4,000 hivi huko Gonaïves, Haiti, kwa jina la mbolea. Sehemu iliyobaki ilitupwa katika Bahari ya Atlantiki na Bahari ya Hindi. Jivu la Gonaïves halikuondolewa hadi mwaka 2000. Mikasa ya namna hii ilichangia kupatikana kwa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991.

4. Hali ya visiwa vyetu

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni ardhi ya mawe ya matumbawe, yenye nyufa na mapango. Mvua hushuka humo haraka bila ya kuchujwa na udongo mwingi. Chini yake maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, nayo ndiyo akiba ya visima. Metali zilizoyeyuka humo hazionekani wala hazina harufu. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi metali. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na kadimi hukaa katika mafigo kwa miaka mingi.

5. Mambo ya kuzingatia

(a) Betri, vipimajoto na vyombo vya umeme vitengwe kabla ya taka kuchomwa.

(b) Jivu zito na jivu jepesi yasichanganywe, wala yasitiwe pamoja na taka za jikoni.

(c) Jivu liwekwe pakavu, pamefunikwa, juu ya sakafu isiyopitisha maji, mbali na visima, chemchemi na mapango.

(d) Jivu la tanuri lisitumiwe kuwa mbolea, kufukia mashimo ya njia wala kufyatulia matofali.

(e) Visima vilivyo karibu na majaa vipimwe metali, na si vijidudu peke yake.

(f) Watumishi wa bandari na forodha wasiridhike na jina lililoandikwa katika hati ya mzigo. Kassa na Gonaïves hakuna aliyeandika kwamba analeta sumu.

Jivu lililohifadhiwa vizuri lina gharama, lakini gharama hiyo hujulikana mapema. Kisima kikishaingia risasi, mawe ya chini hayawezi kuoshwa.