Bata mgeni akitua Dakawa

Bata bukini halisi wa kaskazini wengi huzaliana huko Aktiki, na majira ya baridi baadhi yao huishia Ulaya, Iraki au Misri. Oman huwapata wachache. Akipotea mmoja akatua kwenye majaruba ya mpunga ya Dakawa, Morogoro, utamtambuaje?

1. Anza na wenyeji. Yule mkubwa mweusi mwenye tumbo jeupe, mdomo mwekundu na mwiba kwenye kiungo cha bawa ni wa hapahapa Afrika, hata kama ana zaidi ya kilo tano na anakutisha. Mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho ni bata wa Misri, naye pia yuko kwao. Ugeni wake uko Ulaya, ambako alipelekwa kupamba bustani akazaana mno, hadi mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukamtia kwenye orodha ya viumbe vamizi! Yule mdogo wa rangi ya chungwa anayejificha kwenye mayungiyungi hafiki hata nusu kilo. Usimrukie kwa shangwe ya ugeni. Shangilia tu kwamba umemwona.

2. Nenda wakati wa kaskazi. Majira ya baridi ya kaskazini ndiyo joto la Morogoro, kwa hiyo beba maji na kofia. Kati ya Oktoba na Machi ndipo bata wadogo wa Ulaya na Asia wanapofika Afrika Mashariki, na anayepotea hupenda kujichanganya na kundi.

3. Muulize anayeamia ndege. Hiki ndicho kidokezo ninachokiamini kuliko darubini yoyote. Mtu anayeshinda jarubani akiwafukuza kwelea kwelea anajua nani hutua alfajiri, nani hula usiku, na nani hajawahi kuonekana. Msalimie, pita juu ya tuta, usikanyage miche yake. Kisha muulize, “Kuna bata usiyemzoea?” Usimwonyeshe picha kwanza, la sivyo atakubali kwa adabu tu.

4. Tazama uso, tumbo na miguu. Bata bukini paji-jeupe ana utepe mweupe juu ya mdomo, michirizi myeusi tumboni na miguu ya rangi ya chungwa. Ndugu yake mdogo, aliye hatarini kutoweka, ana pete ya njano kuzunguka jicho na weupe unaopanda hadi utosini.

5. Hakikisha si wa jirani. Bata bukini wa kufuga ana tako zito linaloburuzika, na akikuona anakuja kudai pumba.

6. Piga picha hata ikiwa mbaya: ubavu, mdomo, bawa lililokunjuliwa. Andika tarehe, saa na jaruba. Akiwa na pete mguuni, nakili kila herufi. Rekodi za ndege adimu wa Afrika Mashariki huchapishwa katika jarida la Scopus, na huko “nilimwona kwa macho yangu” haitoshi.

7. Usimtie sufuriani. Kuwinda ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Zaidi ya hapo, sumu ya kwelea kwelea hunyunyiziwa mahali ndege hao wanapolala, na bata wahamaji wanaweza kubeba mafua ya ndege. Ukimkuta amekufa au analegea, usimshike. Mwite afisa mifugo wa kata, na uwazuie watoto na mbwa mpaka afike.