Tukemee Ajali, Tuongee na Dereva Pia

Somo: Kutoka 21:28–29, Kumbukumbu la Torati 22:8



Kabla ya safari sisi hukemea roho ya ajali na kufunika gari kwa damu ya Yesu. Hiyo ni sawa, tusiache. Lakini dereva akianza kuovateki kwenye kona huku ameshika simu, matatu nzima inanyamaza. Roho ya ajali tumeikemea, dereva hatujamwambia kitu.

Tuangalie Neno. Katika Kutoka 21, ng'ombe akimuua mtu kwa pembe, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alijulikana ni mkali, mwenyewe akaonywa na bado hakumfunga, damu iko juu yake. Tofauti ni moja tu: alijua. Tena katika Kumbukumbu la Torati, anayejenga nyumba anaagizwa aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Ukingo unawekwa kabla ya mtu kuanguka, si baada ya mazishi.

Utasema, "Pasta, mimi ni abiria tu." Sikia hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika stika kwenye matatu hapa Kenya, zikihimiza abiria wazungumze dereva akiendesha vibaya. Zoezi la kwanza lilihusisha matatu zaidi ya 1,000, zingine na stika, zingine bila. Kwa zenye stika, madai ya bima yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Baadaye ikawa kampeni ya Zusha!, kwa magari mengi zaidi, na madai yakapungua kwa robo hadi theluthi moja. Wale tumesomea biashara tunajua bima haihesabu maneno matamu, inahesabu hasara. Sauti ya abiria inaokoa watu.

Basi tufanye nini?

1. Abiria: Sema mapema, kwa heshima: "Dere, tafadhali punguza mwendo." Ukisema peke yako utaambiwa ununue gari lako. Kwa hivyo ukisikia mama mmoja amesema, usimwache peke yake. Wakisema watano, mguu utatoka kwa mafuta.

2. Kanisa: Tukikodisha gari la mazishi au krusedi, mara nyingi ni sisi tunamharakisha dereva, na ni sisi tunapakia watu kuliko viti ili nauli ishuke. Tutoke mapema. Tuulize kama dereva amelala. Aliyekesha nasi usiku kucha asipewe usukani alfajiri. Hapo sisi ndio wenye ng'ombe.

3. Dereva na mtu wa bodaboda aliyeokoka: Wokovu wako uonekane barabarani. Sheria inasema matatu isizidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo kilichochezewa ni uongo, hata kama redio inacheza nyimbo za injili.

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni hatari gani ya barabarani tunaijua hapa mtaani, na hatujamwambia mtu?

Tuombe: Baba, tulinde safarini, na utupe ujasiri wa kufungua kinywa kwa ajili ya jirani zetu. Katika jina la Yesu. Amina.