SOMO: MKUTANO WA KIJIJI NI WA NANI?



Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi unapita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti. Hii ni miji midogo inayokua haraka. Usa River ndiko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru, iliyozaliwa mwaka 2007 pale Halmashauri ya Arumeru ilipogawanywa kuwa mbili. Hata hivyo, ukiacha lami na kupanda upande wa mlima, mara moja unaingia vijijini, kwenye migomba na kahawa.

Katika maeneo haya habari haihitaji gazeti. Gulio la Tengeru la Jumatano na Jumamosi linatosha kuipeleka kila kitongoji. Isipopita gulioni itapita mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, au kwenye kijiwe cha bodaboda, au msibani. Tena tunajua kujipanga. Mtu akifiwa, kabla jua halijazama kamati imeundwa, mweka hazina amepatikana, akina mama wameshagawana kazi ya jikoni na vijana wameshatafuta turubai na viti.

Lakini mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, mara nyingi wanafika wazee wachache na viongozi wenyewe. Somo letu la robo hii linahusu jambo hilo. Tunataka kujifunza mkutano huo una mamlaka gani, tunapoteza nini tusipofika, na kikundi chetu kinaweza kufanya nini.

1. Sheria inasemaje?

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Si mkutano wa wanaume, wala wa wenye mashamba, wala wa chama fulani. Mkutano huu ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji, na unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inafanya kazi kwa niaba yake. Angalau robo ya wajumbe hao wawe wanawake. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa, si mwenye kijiji.

Kuhusu ardhi kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Chini ya sheria hii, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu haujaridhia. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

2. Wazee wetu walifanyaje?

Wameru hawahitaji kufundishwa uzito wa ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili mashamba yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu walielekezwa King'ori, mahali ambapo wengi wao hawakupataka.

Wananchi hawakuishia kunung'unika. Walikutana, wakajadiliana, wakachanga fedha na kuchagua wa kuwasemea. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, walilifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa kule New York. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo dunia ilisikia, na Watanganyika wengi walijifunza kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kusimama na kudai haki yake.

Tukumbuke kwamba wakati ule hakukuwa na sheria iliyowapa wenyeji sauti ya mwisho. Sisi leo tunayo, na kikao chenyewe kiko umbali wa kutembea kwa miguu.

3. Kwa nini hatufiki?

Tukiuliza katika vikundi, majibu yanafanana:

- Mkutano umewekwa siku ya gulio. Mama anayeuza ndizi hawezi kuacha mauzo ya siku hiyo.
- Tangazo limebandikwa ofisini tu, tena jana yake.
- Kila mkutano ajenda ni michango. Taarifa ya mapato na matumizi haisomwi, au inasomwa haraka giza likiingia.
- Wanaozungumza ni wale wale. Wanawake wanakaa nyuma, na vijana wanaambiwa wasubiri wakue.

Sababu hizi ni za kweli. Lakini tazama matokeo yake kwa mfano huu. Tuseme mtu anaomba ekari kumi kando ya mto, mahali wananchi wanapokata majani ya ng'ombe. Halmashauri ya kijiji inakubali. Mkutano unaitishwa siku ya Jumamosi, wanafika watu wachache, na muhtasari unaandikwa kwamba wananchi wameridhia. Baada ya wiki mbili watu wanasikia gulioni kwamba mawe ya mipaka yameshawekwa. Maneno yanakuwa mengi, majirani wanagombana, na kesi inakwenda kwenye baraza. Kufuta jambo lililokwisha kuandikwa ni kazi ndefu na ya gharama kuliko kukaa mkutanoni saa tatu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Tufanye nini?

Kabla ya mkutano: Kikundi kimwombe mwenyekiti wa kijiji kwa heshima apange siku isiyo ya gulio. Tangazo lisomwe makanisani na misikitini, na wenyeviti wa vitongoji walipeleke kwa watu wao. Ulizeni ajenda mapema.

Wakati wa mkutano: Ombeni muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwanza. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye mahudhurio, na usisaini karatasi ambayo hujui ni ya nini. Uliza swali moja kwa lugha ya adabu: tulichanga kiasi gani, kimetumika kiasi gani, kimebaki kiasi gani? Kiongozi mwaminifu hulifurahia swali hilo kwa sababu linamsafisha.

Baada ya mkutano: Wapelekee habari waliokosa kufika, hasa wagonjwa na wazee. Habari sahihi ikitangulia, uvumi hukosa nafasi.

5. Kutoka katika Maandiko

Someni pamoja Hesabu 27:1-11. Mabinti watano wa Selofehadi hawakwenda kulalamika kisimani. Walisimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaeleza shida yao ya urithi wa ardhi. Mungu alisema kwamba dai lao ni la haki, na uamuzi ule ukawa sheria kwa vizazi vilivyofuata. Je, wangenyamaza?

6. Maswali ya kujadili katika kikundi

a) Mkutano mkuu wa mwisho katika kijiji chetu ulifanyika lini? Nani kati yetu alihudhuria?
b) Ni mambo gani tuliyasikia gulioni ambayo tulipaswa kuyasikia mkutanoni?
c) Kwa nini tunajitokeza kwa wingi msibani kuliko kwenye mkutano? Tunaweza kuhamisha nini kutoka kule kuja huku?
d) Wanawake na vijana wa kikundi chetu wanahitaji nini ili waweze kusimama na kuzungumza?

Kazi ya nyumbani: Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanaume, waende ofisi ya kijiji kuulizia tarehe na ajenda ya mkutano ujao. Walete jibu kikundini, na siku ya mkutano mwende wote. Tarehe hiyo iandikeni kwenye daftari la kikundi, na chini yake majina ya waliohudhuria.