SOMO LETU: MAUZO SI FAIDA



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama. Mmoja wao aliuza nyanya, na kibanda chake hakikukosa wateja. Nilizoea kumtaja kwa vikundi vingine kama mfano mwema. Siku moja nikaambiwa ametoka kikundini. Alishindwa kulipa mkopo, wadhamini wake wakakatwa akiba zao, naye akaona haya kurudi mkutanoni. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Nimeuza kila siku, lakini pesa sijui zilienda wapi." Sikuwa na jibu. Muda huo wote sikuwahi kumwuliza hata mara moja kama anaandika hesabu zake. Ndiyo sababu nawaletea somo hili.

MCHEZO MFUPI (watu watatu waigize)

Mama Mboga anarudi kutoka sokoni. Amechoka lakini anatabasamu.

BABA WATOTO: Mama, soko lilikuwaje leo?

MAMA MBOGA: Mungu ni mwema! Kreti ya nyanya nilinunua shilingi 4,200, nimeuza yote 5,400. Faida ni 1,200.

BABA WATOTO: Basi leta tununue unga na mafuta, na mtoto alipe pesa za mtihani.

(Anampa zote 1,200. Wiki nne zinapita. Sasa wako kwenye mkutano wa kikundi.)

MWEKA HAZINA: Mama, mwezi umeisha. Mkopo wako ni 5,000, na riba yetu ya asilimia 10 kwa mwezi ni 500.

(Mama Mboga anapekua mkoba, anakaa kimya.)

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mmeona nini katika mchezo huu?
2. Mama Mboga hakuibiwa. Mbona hana pesa?
3. Ni gharama gani alizosahau?
4. Je, mambo haya hutokea hapa kwetu?

Kiongozi, tafadhali usiendelee kusoma mpaka watu wamejibu. Wape nafasi hata wale wasiozoea kusema.

HESABU YA MAMA MBOGA

Sasa tuandike ubaoni, au hata chini kwa kijiti, gharama zote za siku moja ya soko:

Kreti ya nyanya: 4,200
Usafiri: 300
Ushuru wa soko: 50
Mifuko: 100
Chai na chakula cha mchana: 150
Jumla ya gharama: 4,800

Mauzo 5,400 toa gharama 4,800, inabaki 600. Faida yake ni 600, si 1,200. Kila wiki alipopeleka nyumbani 1,200, nusu ilikuwa faida na nusu ilikuwa mtaji. Wiki ya kwanza tu mtaji wake ulishuka kutoka 5,000 hadi 4,400. Soko lililofuata hizo hazikutosha gharama za 4,800, ikabidi achukue nyanya kwa deni. Hivyo ndivyo mtu anavyokula mtaji wake bila kujua.

Na bado hatujahesabu nyanya zilizooza, zilizopikwa nyumbani, na zile za jirani aliyesema, "Nitakulipa kesho."

AGAWANYE VIPI?

Kwa masoko manne ya mwezi faida ni 2,400. Mama Mboga angeweza kuigawanya hivi:

Riba ya kikundi: 500
Kupunguza mkopo: 500
Matumizi ya nyumbani: 800
Kuongeza mtaji: 400
Akiba yake kikundini: 200

Shilingi 800 kwa mwezi ni 200 kwa wiki. Najua ni kidogo, na tusidanganyane. Ndiyo maana mume na mke wakae pamoja waione hesabu hii, ili mmoja asidhani mwenzake anaficha pesa. Tena kikundi kinaweza kusaidia. Wauzaji wawili wakisafirisha mzigo kwa gari moja na kugawana nauli ile ya 300, kila mmoja anaokoa 150 kwa wiki, yaani 600 kwa mwezi.

Akivumilia miezi 10, mkopo unaisha. Ile 5,000 sasa ni yake, ameongeza mtaji wa 4,000, na ana akiba ya 2,000. Hapo sasa anaweza kufikiria mbuzi jike au pipa la kuvunia maji ya mvua. Na kama kikundi chenu hutoza riba kwa deni lililobaki tu, riba yake itapungua kila mwezi.

Kumbukeni pia kwamba asilimia 10 kwa mwezi, kwa mkopo usiopunguzwa, ni asilimia 120 kwa mwaka. Hata kama riba hiyo inarudi kwetu kama gawio, anayekopa lazima ajue biashara yake inaweza kuibeba.

MAMBO MATATU YA KUSHIKA

Kwanza, tenga pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa za biashara na za nyumbani zimekuwa zikilala kwenye simu moja. Tumia laini nyingine, au Pochi la Biashara, au hata mikebe miwili. Ada ya kutoa pesa nayo ni gharama, iandikwe.

Pili, andika kila jioni kabla ya kulala: zilizoingia, zilizotoka, na wanaodaiwa. Asiyejua kusoma asione haya. Mtoto wa shule amsaidie.

Tatu, jilipe kiasi mlichokubaliana nyumbani, na usiguse zaidi.

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwenye biashara aandike hesabu zake kwa wiki nne, hata kama anauza mandazi tu. Mkutano ujao, kabla ya kutoa mikopo, wawili wanaojitolea wasome hesabu zao mbele ya kikundi. Asichekwe mtu. Atakayegundua anapata hasara ashukuru, kwa kuwa amejua mapema, na kikundi kimsaidie kutafuta njia.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Yule mama wa nyanya alirudi kikundini baadaye. Siku hizi daftari lake ndilo analotoa kwanza mkobani.